Darubini na kamera zimeanza kuelewana

Jana usiku darubini yetu iliiambia kamera, kwa mara ya kwanza, kwamba inatazama wapi. Kwa jirani aliyekuwa akianua nguo hapo paani ilikuwa habari ndogo sana. Kwangu mimi ndiyo habari kubwa ya mwaka huu.

Hapa Lang'ata, Nairobi, juu ya paa la rafiki, tuna kompyuta mbili. Moja, isiyozidi kiganja, inaendesha mota za darubini: inaigeuza, inafuata nyota huku dunia ikizunguka, inarekebisha fokasi. Ya pili ni ya kamera: inafungua shata, inabadilisha vichujio, inahifadhi picha. Muda wote huo zilikaa meza moja bila kujuana. Picha zilipendeza, wageni wakazipongeza, lakini mimi hazikunitosha. Picha isiyosema ilipigwa upande gani wa anga, na saa ngapi, haiwezi kumsaidia mtu anayeisoma nyota hiyo miaka 30 baadaye.

Ndiyo maana naupenda muundo wa faili wa FITS, uliochapishwa 1981 na ambao wanaastronomia wa dunia nzima wanautumia hadi leo. Mwanzoni mwa kila faili kuna mistari ya maandishi, kila mmoja herufi 80: viwianishi vya nyota (namba zinazotaja mahali pake angani), wakati shata ilipofunguka, ilikaa wazi kwa muda gani, mwanga ulipenya hewa nene kiasi gani. Kamera peke yake haiyajui hayo yote. Mengine lazima iulize darubini.

Kijana ninayeshirikiana naye, niliyemfundisha fizikia shuleni na sasa ni fundi wa mitandao, alichagua INDI, mfumo wa programu unaowezesha vifaa vya kutazamia nyota kuwasiliana. Seva inakaa kwenye kompyuta ya darubini na kusikiliza katika porti 7624 (namba ya mlango wa mawasiliano), kamera inaunganishwa kwa kebo ya kawaida ya mtandao, na ujumbe wote husafiri kama maandishi ya XML. Ukitaka kujua zinaambiana nini, unasoma tu kwa macho. Kwa mwalimu, hilo ni jambo zuri mno.

Kuchomeka kebo hakukuwa kazi. Kazi ilikuja baadaye.

"Mwalimu, zinaongea lakini hazielewani," akaniambia.

Kwanza ilikuwa vipimo: upande mmoja ulitaja mahali pa nyota kwa saa, mwingine kwa nyuzi, na saa moja ya anga ni nyuzi 15. Hilo lilikwisha upesi. Lililobaki lilitukesha. Darubini ilikuwa inasimama kando kidogo ya nyota, zaidi ya dakika 20 za tao (nyuzi moja ina dakika 60, na dakika moja sekunde 60), yaani kupita nusu ya upana wa mwezi mpevu, na daima kwa kiasi kilekile. Kumbe zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja kwa miaka kama 26,000, na viwianishi vya nyota husogea nao kama sekunde 50 za tao kila mwaka. Orodha ya nyota ya kamera iliandikwa kwa anga ya mwaka 2000, mota zinafuata anga ya leo. INDI ina majina mawili tofauti kwa viwianishi hivyo, ili visichanganywe. Tuliposhikilia jina moja pande zote mbili, nyota ikaingia katikati ya picha.

Nyota yenyewe ni Mira, ambayo hung'aa na kufifia kwa siku kama 332. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Mira hupita karibu na utosi wetu, pale hewa ilipo nyembamba kuliko popote angani. (Kilimia kilikuwa juu upande wa kaskazini, kile ambacho nyanya yangu alikitazama kabla ya kutoa jembe.) Saa tatu usiku kwetu, faili huandika 18:00 kwa saa ya dunia, na wakati huo Marekani bado ni mchana. AAVSO, chama kilichoanzishwa huko 1911, hukusanya vipimo vya nyota za namna hii kutoka kwa watu wa kawaida kama sisi. Pengo la saa ambazo Marekani ni mchana na nyota hazionekani, sisi tunaweza kulijaza. Lakini saa yetu isipoaminika, kipimo chetu hakina mahali pa kuwekwa.

Saa hiyo bado inategemea intaneti, na umeme wa mtaa ukikatika, ruta inazima wakati kompyuta zinaendelea kwa betri. Kijana anasema hilo halina shida kwa dakika chache. Mimi sikubali. Jumamosi, mawingu yakiwepo au yasiwepo, tunafunga kipokezi cha GPS kwenye kompyuta ya darubini, na kamera itachukua saa kutoka hapo.