Mililita 90

Fainali ya mita 1500 wanawake ilikuwa imekwisha punde, wakimbiaji bado wameinama wakihema, mikono magotini. Binti mmoja aliyevaa kizibao cha waamuzi akamfuata mwanariadha wetu, akamwonyesha kitambulisho. Ilikuwa mwaka 2024, kwenye mashindano ya vyuo vikuu, katika uwanja usio mbali na Bombo, Uganda. Mimi nilikuwa muuguzi wa timu.

"Sista, nimekosa nini?" akaniuliza. Alikuwa msichana wa Kapchorwa, mwaka wa pili chuoni.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Umechaguliwa kupimwa kama una dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Soma karatasi yote, kisha utie saini."

Tangu saini ile, yule binti, msindikizaji wake, hakutakiwa kumpoteza machoni hata nukta moja. Mwanariadha anaruhusiwa kupoza mwili, kupokea medali, kuzungumza na waandishi, kutibiwa jeraha, kuwa na mtu wake wa kumwakilisha, na kunywa kinywaji kilichofungwa ambacho amekichagua na kukifungua mwenyewe. Kwenda msalani kabla ya kufika chumba cha vipimo hairuhusiwi, kwa sababu unaotakiwa ni mkojo wa kwanza baada ya taarifa. Anayekataa au kutoroka anaweza kufungiwa miaka 4, sawa na aliyekutwa na homoni za kujenga misuli. Wengi hawalijui hilo. Wanadhani kukataa ni nafuu.

Mwalimu wake alikuja mbio na chupa mbili za maji, kila moja lita moja na nusu. "Kunywa zote, tumalize, basi linatusubiri." Nikamwomba arudishe moja. Mule chumbani tulimkuta kijana wa chuo kingine aliyekunywa maji mengi namna hiyo. Mkojo wake ulikuwa mweupe kama maji ya bomba, na kifaa cha kupima ukolezi kikasoma 1.002. Sampuli chini ya mililita 150 inatakiwa isome angalau 1.005. Mkojo mwepesi mno hauwafai maabara, kwa hiyo anatakiwa atoe mwingine, na kila akizidi kunywa unazidi kuwa mwepesi. Akaambiwa aache maji, atulie, asubiri. Tulipoondoka tulimwacha pale.

Wetu alikunywa kidogo kidogo. Alinawa mikono kwa maji matupu bila sabuni, akachagua kikombe kimoja kati ya vilivyowekwa mezani, akahakikisha mfuko wake haujachanwa. Afisa wa kike akaingia naye msalani. Hapo ndipo wasichana wengi hupata aibu, maana nguo zinapandishwa hadi juu ya kiuno na kushushwa hadi katikati ya mapaja, mikono ya nguo inakunjwa hadi viwiko, na afisa anatazama mkojo ukitoka mwilini. Nilikuwa nimemweleza mapema, usiku tuliofika, kwa hiyo hakushtuka.

Akapata mililita 70. Kiasi kinachotakiwa ni 90, kwa hiyo zile 70 zikafungwa kwa kizibo cha muda, namba ikaandikwa, akangoja. Mara ya pili akatoa 45. Mkojo wa awali ukachanganywa na wa pili, kisha yeye mwenyewe akamimina: chupa B (ya akiba) kwanza hadi alama ya 30, halafu chupa A 60, uliobaki ukagawanywa, na matone machache yakaachwa kikombeni kwa ajili ya kipimo cha ukolezi. Kikasoma 1.012. Akakaza vifuniko mpaka vikaacha kulia, akazipindua chupa kuona kama zinavuja, akalinganisha namba ya chupa, ya kifuniko na ya sanduku. Kwa mkojo hatuna maabara iliyoidhinishwa Uganda, kwa hiyo sanduku lile lingesafirishwa nje, na namba hizo ndizo pekee zingemtambulisha huko. Jina haliendi.

Kisha ikaja fomu, na kwangu hapo ndipo penye uzito. Afisa anauliza: siku 7 zilizopita umetumia dawa gani, virutubisho gani? Wengi hujibu "hakuna" kwa kuogopa au kwa kusahau. Yeye alitoa daftari. Parasetamoli, vidonge vya madini ya chuma, diklofenaki, unga wa protini. Kila kitu na tarehe yake, na kwenye simu picha ya lebo.

Ile diklofenaki ilikuwa na historia. Siku tatu kabla ya mashindano goti lilimuuma, akaenda kliniki moja ya mjini, na mhudumu akachukua sindano tayari. Msichana akamwomba amsomee jina la dawa, kisha akanipigia: deksamethasoni, ya kundi la glukokotikoidi. Tangu Januari 2022 sindano zote za kundi hilo zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, na mwongozo wa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, kwa deksamethasoni ya msuli unataka zipite siku 5. Triamsinoloni, ya kundi hilo hilo, ni siku 60. Nikazungumza na mhudumu, akampa vidonge vya diklofenaki, ambavyo vinaruhusiwa. Wala si tramadoli, dawa kali ya maumivu, ambayo imepigwa marufuku mashindanoni tangu Januari 2024. Hatari namna hii zimejaa maduka ya dawa: dawa za kikohozi zenye efedrini, na hata mairungi (miraa) ambayo vijana hutafuna wakisoma usiku, kwani kathini, kichangamshi kilichomo ndani yake, ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo ni kosa mashindanoni.

Unga ndio ulionikosesha raha. Aliununua Kampala kwa ushauri wa mtu wa jimu. Kopo halikuwa na alama ya upimaji huru kama NSF Certified for Sport au Informed Sport, zinazokagua bidhaa kwa namba ya bechi. Maneno ya "umeidhinishwa na WADA" hayana maana popote yaandikwapo, kwa sababu WADA haiidhinishi kirutubisho chochote. Watafiti wa Cologne, Ujerumani, walipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, wakakuta 94 vina homoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Mashine iliyochanganya homoni asubuhi inaweza kupakia protini mchana bila kusafishwa vizuri.

Nikamwambia asiutupe. Kopo lifungwe kwa gundi, risiti ikae nalo, na kama duka bado lina kopo lisilofunguliwa la bechi ile ile, alinunue aliweke. Likitokea tatizo, maabara hulitaka hilo, maana kopo lililofunguliwa linaweza kudaiwa kutiwa kitu baadaye.

"Sasa Sista, protini nitaipata wapi?"

Ana kilo 50; gramu 80 kwa siku zinamtosha. Mayai mawili yanampa 12, nusu lita ya maziwa 16, vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa 30, njugu gramu 50 zinampa 12, na posho (ugali) inajazia. Mwalimu akasema hosteli hawaruhusiwi kupika. Tukapatana na mama wa kantini awachemshie mayai kila asubuhi, timu ilipe mwisho wa mwezi.