Mwaka wangu wa kueka pesa hauanzi Januari

Kila nguo ninayoshona lazima itoke dukani kwangu ikapigwe ovaloki kwa watu, ule mshono wa pembeni unaozuia kitambaa kisifumuke. Mie nko Mwembe Tayari hapa Mombasa, chumba kidogo, cherehani moja ya miguu niliopewa na mamangu, na ovaloki sina, kwa hivo nikimaliza kuunga dera nalikunja natia kwa mfuko, zikifika tano sita navuka barabara hadi kwa fundi mwenye mashine, nakaa foleni, nalipa shilingi 30 kwa kila nguo alafu narudi. Ramadhani ya mwaka huu nilizihesabu, nguo 140. Hizo ni shilingi 4,200 zimetoka mkononi mwangu kwa mwezi mmoja, na bado sijahesabu saa nilizopoteza kwenye foleni na huku wateja wanapiga simu wataka nguo zao za Idi.

Ndio sababu naeka. Nataka cherehani ya Juki ya umeme na mashine ya ovaloki yangu mwenyewe, zote mbili nimeambiwa elfu 85, na nimeapa mwaka huu wa 2025 hauishi kabla sijazipata. Naandika haya sai, mwanzo wa Agosti, manake huu ndio wakati ambao watu wengi tunaachia njiani na mie mwenyewe nishawahi kuachia hapa hapa, najua kunavyouma.

Mwaka 2023 nlijaribu ile ya wiki 52 ambayo kila mtu alikua anaisambaza kwa WhatsApp. Unaijua, wiki ya kwanza waeka shilingi 50, ya pili 100, ya tatu 150, kila wiki unaongeza 50 mpaka Disemba, ukimaliza una shilingi 68,900. Kwa karatasi inapendeza sana. Nikaenda kwa seremala Majengo akanitengezea kibubu cha mbao, kimepigwa misumari pande zote, kitundu juu cha kupitisha noti iliokunjwa mara mbili. Nikaanza kwa moyo wote. Wiki 22 nzima sikukosa hata moja, nikafika shilingi 12,650, alafu wiki ya 23, Juni, mvua za masika zimetumaliza, watu hawashoni, mie nadaiwa kodi ya duka na ile karatasi yanidai 1,150. Nlikaa kitandani na kile kibubu mapajani, nikachukua pini ya mtandio, nikaanza kuvuta noti moja moja kwa kile kitundu. Yatoka mia mbili, naivuta pole pole isichanike. Yatoka mia tano. Sikukivunja hata, nlikimaliza hivo hivo kwa siku tisa, na siku ya mwisho nikakitingisha hakina sauti.

Nlilia jamani. Nikajiona mie sina nidhamu, sina akili ya pesa, mtu wa kushindwa na kila kitu. Miezi sita baadae sikueka hata senti.

Sasa mtu alienifungua macho ni bi mkubwa wangu, mamangu mzazi, wala hakua anazungumzia kueka pesa. Tulikua twakula mahamri kwao Mtongwe, nje upepo wa kusi wavuma mpaka mapazia yapiga ukutani, akawa amkumbuka marehemu babangu aliekua mvuvi. Akasema babako wakati wa kaskazi bahari imelala alikua hasimami, usiku na mchana yuko majini, na pesa ya kaskazi alikua haigusi hovyo kwa sababu ajua kusi ikija ataweka ngalawa juu atengeneze nyavu, na kile kidogo alichokificha ndicho tutakachokula. Nikamuuliza alikua aeka kiasi gani kwa wiki. Mamangu akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu, akaniambia kwani samaki huja kwa wiki?

Nlirudi na feri ya jioni nikiwaza neno hilo hilo. Kufika nyumbani nikachukua ile karatasi ya wiki 52 nikailinganisha na daftari langu la oda la 2023 na hapo nikaona. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Machi, hizo ndizo wiki nlizokua nalala saa nane usiku, pesa zaingia kila siku, na ile karatasi wiki hizo ilikua yaniomba mia sita, mia saba, mia nane basi. Zilizobaki nikazila, sikumbuki hata kwa nini. Alafu ikaja kunidai elfu na zaidi Juni ambapo dukani haingii mtu, na ningefika Disemba ingenidai wiki nne za mwisho pekee shilingi 10,100, na Januari mlangoni nina fizi za shule na yunifomu. Yaani ule mpango ulikua umepangwa na mtu ambae mshahara wake ni ule ule mwezi kwa mwezi, na ukimkuta mtu kama huyo utamfaa kabisa. Mie si huyo. Fundi wa nguo si huyo, wa tuktuk si huyo, mama wa viazi karai si huyo, wala wale wa hoteli za pwani wanaongoja watalii. Mji huu nusu yetu twaishi kwa msimu alafu twaeka kwa kalenda ya ofisi, tukishindwa twajilaumu.

Kwa hivo mwaka huu nimepanga kwa msimu wangu. Kwangu mie pesa inaingia Shaaban, manake kabla ya Ramadhani watu wakimbiza harusi, alafu Ramadhani yenyewe kwa ajili ya Idi, alafu kidogo kuelekea Idi kubwa, alafu likizo ya Agosti, mfungo sita kwa maulidi kuna kanzu na mabuibui mapya, na Disemba harusi tena. Januari nimeiandika sufuri. Kabisa, sufuri, na roho yangu ikatulia. Februari nikaeka elfu 19. Machi elfu 24 na mia tano, na hapo ndipo pagumu kushinda Juni wallahi, kwa sababu mtu akiwa na pesa mkononi haoni dhiki, watoto wataka viatu vya Idi, jamaa wote wajua fundi ana kazi wanakuja na shida zao. Nguvu zote mtu anazojiandalia za kuvumilia, mie naona azitumie huko kwenye wingi. Kwenye uhaba hakuna cha kueka, hapo kazi ni kutotoa tu.

Na hesabu hii nayo haikai pahali pamoja, manake Ramadhani yarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. 2027 itaanza karibu na tarehe 8 Februari, kumaanisha oda za Shaaban zitaniangukia Januari, mwezi ule ule wa fizi, na nikikaa vibaya zote zitapitiliza shuleni nisione hata harufu. Na 2030 kutakua na Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja wa kizungu, moja Januari na nyingine mwisho wa Disemba. Fundi mwenzangu ukisoma hapa liandike hilo mapema.

Pesa zenyewe naeka benki ya Kiislamu, sitaki riba, na akaunti nlikataa kadi na nlikataa kuiunganisha na simu. Kila mmoja ana lake lakini kwangu simu ni mfuko usio na pindo, kilichomo kinachuruzika chenyewe, mia ya kredo, mia mbili ya mtu, jioni huna. Sai nikitaka kutoa lazima nifunge duka nikapange foleni mchana wa jua, na mara tatu nimeanza kwenda nikarudia njiani. Mchezo wa akina mama wa kupeana pesa kwa zamu nacheza pia, kumi tuko, mia tano kwa wiki, lakini huo zamu yako ndio ikuamuliayo na wangu nimeuachia fizi.

Kitu kilichoniweka mpaka leo ni ukurasa wa mwisho wa daftari langu la vipimo. Nimechora vyumba 85 kwa rula, kila chumba elfu moja, na mwanangu wa miaka tisa ndie mpakaji, mie siruhusiwi kugusa. Nikitoka benki namuonyesha risiti anahesabu vyumba anapaka kwa penseli nyekundu, taratibu, ulimi nje, hataki rangi ivuke mstari. Mwezi wa Machi alipaka 24 kwa mkupuo akaniambia mkono wauma. Aprili nikaongeza elfu tatu tukafika vyumba 46.

Alafu Aprili hiyo hiyo mamangu akaugua. Nikatoa elfu tisa, hakukua na la kufikiria. Shida ilikua daftari. Mtoto akaniuliza sasa hivi vyumba tisa tuvifute? Akachukua raba kweli. Nikamwambia ngoja, manake nliona tukivifuta itakua kama hatukuvifikia na tulivifikia, zile pesa zilikuwepo ndio nyanya yako akapata dawa siku ile ile bila mie kuzunguka nyumba za watu nikikopa. Akafikiria, akavipiga mstari mmoja mmoja kutoka 38 hadi 46, akasema vikirudi nitapaka kijani juu yake.

Hiyo ndio ikawa kazi yetu. Mei elfu sita na mia mbili, za Idi kubwa zilizotangulia. Juni elfu mbili. Nitasema kweli, Mei mpaka Julai ilikua miezi mizito, kwa sababu mtu waeka, waeka, na ukitazama hujaongeza kitu, unajaza shimo tu, na ile sauti ya 2023 yanirudia usiku, achana nayo, utaanza upya Januari. Mie hiyo ya kuanza upya Januari ndio siitaki kabisa kuisikia. Januari hakuna kitu ndani yake, kuna fizi. Ukianguka Aprili endelea Mei kutoka ulipoangukia, na kama mwezi wote umepata mia tano eka mia tano, hata kama haitoshi chumba.

Na sikujinyima kila kitu. Jumapili jioni nawachukua wanangu twaenda Lighthouse kando ya bahari, mihogo ya kukaanga na ndimu na pilipili, madafu mawili tunagawana, twatazama meli zaingia bandarini. Wapo watakaoniambia hizo pesa ningeeka. Kwa mwaka labda zingefika vyumba vichache, lakini nisingefika Mei nikiwa na moyo, na watoto wangeichukia ile ovaloki kabla haijafika nyumbani. Sai wao ndio wanaoniuliza.

Julai niliweka elfu moja na mia tano. Ndogo sana, hata yule dada wa benki nadhani alishangaa. Nikarudi nikampa mwanangu risiti, akahesabu kwa kidole, akapaka 46 kijani, alafu akasimama. Akaniambia mama, hiki kijacho hakina mstari. Nikamwambia ndio. Akatafuta penseli nyekundu kwenye mkoba mzima haioni, tangu Aprili hatujaitumia, ikapatikana chini ya kabati imevunjika ncha. Akaichonga kwa wembe wangu wa kufumulia nyuzi, akapaka chumba cha 47.

Shilingi 47,200. Zimebaki 37,800 na mie sijui kama Agosti itanipa zote nilizopangia, lakini wiki hii nina sare za harusi, magauni sita ya rangi moja, hariri inayochanuka nyuzi ukiitazama tu, kila moja yataka ovaloki mara mbili. Kesho asubuhi mapema navuka nayo barabara, shilingi 30, shilingi 30, na nimemwambia yule fundi mwenye mashine anizoee kwa sasa, mwakani nitakua simpigi foleni.