Nilivyokomboa viazi vyangu Isyonje

Mwaka juzi baka jani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani, liliniachia mashina matupu kwenye zaidi ya nusu ya ekari yangu ya viazi. Huku Isyonje, mkoani Mbeya, ukungu hushuka mapema na majani hayakauki mpaka saa nne. Nilikimbilia duka la pembejeo, nikauziwa dawa ya metalaksili na mankozebu, nikaipuliza kila wiki. Mwanzoni ilishika. Mwishoni ilikuwa kama ninapuliza maji.

Bwana shamba alipokuja aling'oa jani, akaligeuza, akanionyesha ule utando mweupe kama unga pembeni ya doa. "Mama, ugonjwa umeshaizoea dawa," akasema.

Akanieleza kitu ambacho duniani hakuna aliyewahi kuniambia. Metalaksili huyeyuka kwenye maji, kama gramu 8 kwa lita, ndiyo maana mmea huinywa na kuipandisha pamoja na maji hadi kwenye majani machanga. Haishuki. Jani la chini lililokwisha kuoza haliponi. Ndani huzuia kijidudu cha ugonjwa kutengeneza RNA, kitu kinachohitajika kujengea protini zake, lakini hugonga sehemu moja tu, na kijidudu kikibadilika hapo, imekwisha. Ilianza kuuzwa 1977. Kufikia 1980 usugu ulishaonekana Ayalandi na Uholanzi. Mankozebu yenyewe hukaa juu ya jani na kugonga sehemu nyingi, kwa hiyo usugu dhidi yake ni mgumu kutokea, ila mvua huiosha.

Msimu uliofuata nilibadilisha kila kitu. Nilichagua mbegu safi, nikaanza na mankozebu kabla sijaona doa lolote, majani ya mistari yalipokaribia kugusana. Metalaksili niliitumia mara mbili tu, viazi vikiwa vinakua kwa kasi, zikipishana siku kumi na nne. Lebo ilisema gramu 50 kwa lita 20. Bomba langu ni la lita 16, nikapima gramu 40 kwa mizani, si kwa kukisia na kifuniko. Baada ya hapo nikarudi kwenye mankozebu, na mvua zilipozidi nikaingiza dawa nyingine ya ugonjwa huo, simoksanili. Glavu na barakoa sikuvua, jamani, hata jua lilipowaka.

Mwezi wa pili niliona doa moja, upande wa bondeni. Nikang'oa shina lote, nikalifukia nje ya shamba.

Nilivuna magunia 41. Mwaka huu nimenunua kilo mbili tu za metalaksili. Dawa nyingine yote niliyonunua ni mankozebu.