Umenipigia mimi au umeipigia dawa?

Mama kaniambia neno mwanzoni mwa wiki na bado linanizunguka kichwani, hata nikiwa darasani nasahihisha madaftari.

Nilipiga jioni. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu." "Umeme umerudi?" "Bado." "Zile chupa wifi kaziweka wapi?" Akanyamaza. Kisha: "Leo umenipigia mimi au umeipigia dawa?"

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua pa kushika. Alisema taratibu, kama anauliza bei ya nyanya, na mimi nikaishia kusema, "Jamani, Mama."

Wiki hii barua ya uhamisho wa Baba Neema imetoka na posa ya Zawadi imejibiwa, lakini mimi nimebaki hapohapo: mimi au dawa?

Maana siku ile umeme wa Mpwapwa ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na wifi, kwa mapenzi yake yote, alitaka kuzilaza chupa za insulini, dawa ya kisukari ya Mama, juu ya bonge la barafu. Nikapiga kelele kwenye simu. Chupa zisizofunguliwa zinataka nyuzi joto 2 hadi 8, ni kweli, lakini insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka tena. Naogopa barafu kuliko joto. Ile anayoitumia, iliyokwisha kufunguliwa, hukaa nje ya friji kama wiki nne bila shida ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Na mnakumbuka niliwaandikia habari za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya: utafiti uliotoka 2021 ulionyesha insulini ikihimili wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kwa hiyo umeme ukikatika siku moja si msiba. Msiba ni bonge la barafu.

Tukakubaliana chungu cha kupoozea dawa. Kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wa mtoni katikati, unamwagiwa maji asubuhi na jioni, dawa ndani ya kopo lenye mfuniko, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Mpwapwa hewa ni kavu, maji yanakauka na kuondoka na joto. Hapa Tabata, Dar es Salaam, hewa ina unyevu, kitambaa kinashinda kibichi na chungu hakipoi vya kutosha.

Haya yote niliyasema kwa wifi. Kwa Mama nilisema "Jamani, Mama." Ningemwambia: nikiuliza chupa, ni miguu yako naiuliza, ni macho yako.

Jana kapiga yeye. Yeye, ambaye hutuma ujumbe wa nipigie tu! "Dawa yako haijambo," akasema, "imeshakunywa maji yake ya jioni. Nimeiviringisha viganjani ichanganyike, imekuwa nyeupe yote kama maziwa, haina mabonge. Sasa niulize mimi." Nikamuuliza. Kidonda cha kisigino kimefunga. Kuku wa jirani wamemaliza mchicha wake. Usiku analala vizuri, ila anamwota Baba. Tulizungumza mpaka salio lake likaisha, nikampigia tukaendelea, na nimecheka leo nzima peke yangu.

Neema lakini simwelewi. Tangu juzi anarudi na kopo lake la chakula limejaa, anasema hana njaa, kisha anakula usiku kama mtu aliyefunga. Nimempigia mwalimu wake, hapokei.