Mahema ya Marangu: siku moja ya mwandika programu, Moshi

Saa 12:40 asubuhi. Simu inaita mswaki ukiwa mdomoni. Ni mzee wa stoo ya kampuni yetu ya kupandisha wageni mlimani; programu yangu ndiyo inayompangia vifaa. "Mwanangu, kompyuta yako imewapangia watu wa Marangu wa kesho mahema sita. Watayasimika ndani ya vibanda?" Ana haki ya kucheka. Kwa Kilimanjaro, Marangu ndiyo njia ambayo wageni hulala vibandani: Mandara, Horombo, Kibo. Mahema ni ya Machame na nyinginezo.

Saa 2. Bajaji kutoka Pasua. Mlima uko wazi, ila leo sina hamu ya kuutazama.

Saa 2:30. Mstari wenyewe unaonekana hauna kosa: `if safari.njia == Njia.MARANGU`, yaani njia ikiwa Marangu, usipange mahema. Wiki iliyopita niligeuza majina ya njia kuwa enamu, yaani orodha maalumu ya majina yanayokubalika, ili mtu asikosee herufi. Nilichosahau ni kwamba hifadhidata bado inaleta stringi, yaani maandishi ya kawaida, "marangu". Python, lugha niliyoandikia programu, haioni enamu ya kawaida kuwa sawa na stringi, hata thamani yake ikiwa ni neno lilelile. Inajibu False na kuendelea na shughuli zake, kimya. Lugha nyingine kama C# ingegoma palepale. Kwa hiyo kila safari ilipangiwa mahema, na kwa kuwa wiki nzima tulikuwa na watu wa Machame tu, nani angeshtuka?

Saa 4. Ningeweza kubandika `.value`, inayotoa neno lililo ndani ya enamu, kila mahali, lakini siku nikisahau mahali pamoja tu narudi hapahapa. Kuna StrEnum, enamu inayolingana na stringi, iliyokuja na Python 3.11 mwaka 2022. Seva yetu bado iko 3.10, na hata hivyo "Marangu" ya herufi kubwa ingepita bila kulingana. Naamua kugeuza mlangoni: data ikiingia tu, `Njia(maandishi)` inaigeuza kuwa enamu. Neno lisilojulikana lipige kelele: kosa la ValueError.

Saa 7. Mtori.

Saa 8. Napitisha safari zote za zamani kwenye mlango huo mpya, na kelele zinaanza. "marangu " yenye nafasi mwishoni. "machame/mweka". Namuuliza dada wa mapokezi. "Si ndiko wanakoshukia?" Kweli, Mweka ni njia ya kushukia, na fomu yangu haikuwa na pa kuiandika. Naongeza sehemu ya kushuka, na zote mbili, ya kupanda na ya kushuka, ziwe za kuchagua, si kuandika.

Saa 11. Orodha mpya: mahema sifuri. Nampigia mzee.

"Vizuri. Na haya niliyokwisha kuyafunga juu ya gari, anayashusha nani?"

Navua koti, naelekea stoo.