Siku yangu moja: fizio wa nyumba kwa nyumba Mwanza

Watu wananiulizaga sana hii kazi ya kuwafata wagonjwa majumbani ikoje, na wengine wanataka kujua mazoezi yangu mwenyewe nafanya saa ngapi na hizo safari zote. Mi ni fizio, mtaani wanatuita daktari wa mazoezi, nilisoma KCMC Moshi halafu nikarudi nyumbani Mwanza. Hii ni jana Jumanne, nimeiandika kama ilivyokwenda.

Saa 11 alfajiri nipo barabarani. Natoka Kirumba nashika Makongoro kwenda mjini, napita gati ya kivuko cha Kamanga, naingia Capri Point nazunguka kilima halafu narudi, inafika kama kilomita 10. Mtu akikwambia kukimbia pembeni ya ziwa ni tambarare huyo hajafika Mwanza, huku ni mawe na milima, na maji yenyewe ya ziwa yako kama mita 1,134 toka usawa wa bahari kwa hiyo ukitoka Dar siku za kwanza pumzi utaisikia. Jana nilikimbia taratibu, ile ya kukimbia huku unaweza kuongea na mtu, sababu saa nne nilikuwa na mzee wa kilo 90 wa kumsimamisha na jioni nina vyuma. Siku yenye mgonjwa mzito sikimbiagi kwa kasi hata miguu iwe inataka vipi, mgongo wangu ndo ajira yangu.

Saa 1 chai, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na mayai, halafu begi. Ndani kuna goniomita ya plastiki ya kupimia nyuzi za kiungo, tepu ya fundi cherehani, mipira ya kuvuta, kipimo cha presha, taulo, na mkanda mpana wenye vishikio nilioshonewa na fundi wa mabegi, huu namfungaga mgonjwa kiunoni ili nishike mkanda nisimshike mkono wala nguo. Vingine vyote naweza kusahau kazi ikaenda, ila bila huo mkanda narudi nyumbani kuuchukua.

Saa 2 nipo soko la samaki la Mwaloni, ni karibu na kwangu naendaga kwa mguu. Kuna mama anauza dagaa pale, mgongo ulimbana vibaya, majirani wakamshauri alale sakafuni bila godoro mpaka upone. Akalala weee mgongo ukazidi kukaza. Siku ya kwanza kabla ya yote nilimuuliza kama ana ganzi sehemu za siri, kama mkojo unatoka bila yeye kujua, kama mguu umeishiwa nguvu ghafla, maana mwenye hayo simpi mazoezi, anaenda hospitali siku hiyohiyo. Hana hata moja, ni mgongo wa mizigo. Basi tunafanyia tiba kwenye mizigo yenyewe. "Mwangaluka mayo," nikamsalimia, akaitikia huku ameshaisogeza ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, anasimama karibu nayo mpaka iwe katikati ya miguu, anakunja nyonga, makalio yanarudi nyuma, anakaza tumbo, ananyanyua. Tulianza na nusu ndoo, jana kanyanyua iliyojaa mara nane bila kushika kiuno. Kule jimu hii tunaiita dedilifti, yeye anaita zoezi la ndoo, na ataifanya kila siku ya maisha yake apende asipende kwa hiyo bora aifanye vizuri.

Saa 4 Igoma. Hapa ndo nilipokuwa napawaza tangu usiku.

Mzee alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, akalazwa Bugando akatibiwa, akarudi nyumbani. Familia inampenda kweli, nimeona wagonjwa waliotelekezwa kwa hiyo hili silichukulii poa hata kidogo. Ila upendo wao wote umeenda kwenye kumfanyia kila kitu. Analishwa wakati mkono wa kushoto ni mzima, anavalishwa, vijana wawili wanambeba kwenda chooni, na kila anayeingia mlangoni anamwambia baba we pumzika. Wanaona wanamsaidia na mi kila nikifika naongea lilelile, kwamba ubongo ulioumia unajifunza upya kwa kurudia kitu mara nyingi sana, mguu usiopewa kazi ubongo unaachana nao, misuli nayo inaisha siku hadi siku pale kitandani. Kinachomrudisha mzee ni kusimama mwenyewe, hata kama anachelewa, hata kama anatetemeka, hata kama inauma roho kumwangalia.

Nikamuamkia, shikamoo baba, marahaba mwanangu, sauti bado nzito ila inasikika. Kalala vipi? Hakulala, bega. Nikaweka vidole viwili juu ya bega la kulia vikazama kwenye nafasi kati ya mfupa wa juu na kichwa cha mkono, upande wa kushoto hakuna hiyo nafasi. Misuli iliyokuwa inashikilia bega imelegea, mkono unaning'inia kwa uzito wake, na vijana wakimnyanyua wanapitisha mikono kwapani wanavuta. Ndo hapo linapoumia. Nikawaita wote, mama, binti, kijana mmoja aliyekuwepo, nikawaonyesha ile nafasi, kila mmoja akagusa kwa kidole chake. Nikawaambia kuanzia sasa hakuna kuvuta huo mkono, akikaa ulale juu ya mto, akilala uwekewe mto usianguke nyuma. Na mama akaniuliza kuhusu kumkanda, maana kuna mtu anakuja kumkanda kwa maji ya moto na mafuta. Kukandwa kunampa faraja na sina ugomvi nako, ila upande ule hausikii joto vizuri, maji yajaribiwe kwanza na mkono wa mtu asiyepooza la sivyo watamuunguza na yeye hatasema kitu. Na akishakandwa asimame, mafuta hayatamtembeza.

Presha ilikuwa 148 kwa 88, hiyo haizuii mazoezi, ikiwaga juu ya 180 kwa 110 tunaacha mazoezi nawapigia hospitali. Kiti chake tumekipandisha kwa mito miwili migumu kwa sababu kiti kirefu ni rahisi kunyanyukia. Mkanda kiunoni. Miguu irudi nyuma kidogo ya magoti, ule wa kulia nikauzuia na mguu wangu usiteleze, mikono ishikane mbele, baba inama, inama zaidi, pua ivuke vidole vya miguu, haya sukuma ardhi! Ya kwanza nilimbeba nusu mimi, nyonga zangu zikifanya kazi ileile zinayofanyaga jimu. Ya pili vilevile, akawa anaegemea kushoto tu, nikamgusa paja la kulia nikamwambia huyu naye anadaiwa. Ya tatu mkanda ukalegea mkononi mwangu. Yaani nimeushika lakini hauna uzito, wote ameubeba yeye. Mama akasema hee! akakaa kimya. Tukapumzika, tukarudia tano, tukatoa mto mmoja tukafanya mbili za chini zaidi. Ukibeba vyuma unaelewa mara moja nilichofanya hapo, kiti kikishuka ni sawa na kuongeza kilo kwenye chuma, na mzee wa miaka sabini na kitu anajengwa kwa kanuni ileile ya kijana wa jimu, mzigo unaongezeka kidogo kidogo mwili unaufata.

Kabla sijaondoka akasimamishwa na mama, mi nimeangalia tu. Binti kapewa kalenda ya ukutani, kila baba akisimama anaweka alama, na wataenda kushonesha mkanda wao.

Saa 7 mjini, ugali sato haraka haraka, saa 8 kivuko cha Kamanga. Toka daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 wagonjwa wangu wa Sengerema mjini na Geita nawafikia bila kukaa foleni ya kivuko, na kwa mtu aliyevunjika kukaa garini kwenye zile foleni yalikuwa mateso jamani, ila kijana wa jana anakaa Kamanga yenyewe, ng'ambo ya maji, kwa hiyo kivuko ndo njia fupi. Humo ndani naandikaga rekodi za asubuhi.

Ni dereva wa bodaboda, alivunjika ugoko, hogo (plasta ngumu ya mfupa) lilifungwa mpaka pajani, sasa limetolewa na daktari wake kaangalia picha kamruhusu kukanyaga. Goti linakunja nyuzi 85. Nilimuonyesha kwenye goniomita kwa sababu mtu akiona namba anaitafuta. Kukaa vizuri kwenye kiti anahitaji 90 na zaidi, kuchuchumaa choo cha shimo inapita 120, na hilo la choo ndo linamnyima raha kuliko pikipiki, aliniambia kwa sauti ya chini mama yake alipotoka. Kwa hiyo choo ndo lengo letu. Paja nalo nimepima kwa tepu, limepungua sentimita 4 ukilinganisha na lingine. Anateleza kisigino kwenye mkeka huku anavuta kwa kanga, anakaza paja, anapanda kizingiti cha mlango anashuka. Fimbo alikuwa anaishika upande wa mguu mbovu, karibu kila mtu anafanyaga hivyo, nikaihamishia mkono wa upande mzima, akatembea mpaka kwenye mwembe akageuka akasema dokta mbona imekuwa nyepesi.

Saa 12 jioni jimu. Skwati, dedilifti mpaka kilo 80, kuvuta, basi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani ya kutoa jasho kwa wiki na siku 2 za kuimarisha misuli, na wenye miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya kusimama imara wasianguke. Hizo siku 2 za misuli ndo watu wanaziruka, hasa dada zangu, halafu tunakutana ukubwani magoti hayanyanyui mwili.

Saa 2 usiku nala huku nasikiliza voisi za WhatsApp. Binti wa Igoma katuma video, baba anasimama, kalenda inaonekana nyuma ina alama. Ila yule kaka mwingine ambaye asubuhi hakuwepo kaingiza mkono kwapani anavuta. Nimempigia hapohapo. Leo nina wagonjwa Buhongwa na Usagara, nikimaliza napita Igoma saa 10, nimemwambia kaka asitoke, yeye ndo atashika mkanda.