Kufundisha Esperanza Rising: anza na ardhi na ujira

Riwaya hii ya Pam Muñoz Ryan, iliyotoka mwaka 2000, inamhusu Esperanza, binti wa mwenye shamba Meksiko anayehamia California na mama yake kuishi kwa kibarua cha mashambani. Mara nyingi hufundishwa kwa swali la "ungekuwa wewe ungejisikiaje?" Darasa zima huandika aya za huruma zinazofanana, na hapo somo limekufa. Kitabu chenyewe kimesimama juu ya mambo makavu zaidi: ardhi ni ya nani, na kibarua analipwa na nani. Mwanafunzi akiyashika hayo, uchungu ataupata bila kusukumwa.

Sura ni 14. Ya kwanza, fupi sana, iko Aguascalientes, Meksiko, mwaka 1924. Nyingine zinaanzia 1930, na kila moja ina jina la tunda au zao kwa Kihispania. Sura mbili kwa wiki zinawatosha watoto wa miaka 10 hadi 13. Bandika ukutani karatasi yenye safu tatu: zao, kazi yake, na nani anaifanya, wanafunzi waijaze kila wamalizapo sura. Si kila zao ni kibarua: parachichi, kwa mfano, Hortensia, mtumishi wao wa zamani, analitumia kulainisha mikono ya Esperanza iliyochakazwa na kazi.

Pa kwanza wanapokwama ni mirathi. Baba anauawa, kisha watoto wanauliza kwa nini mama haiuzi nyumba wakaenda zao. Jibu limo kitabuni, ila hupitwa haraka: mjane ameachiwa nyumba na vilivyomo, ardhi imekwenda kwa Luis, kaka wa kambo wa marehemu. Chora ubaoni mraba mkubwa wa shamba, ndani yake kijumba. Sasa posa ya Luis kwa mjane na moto unaofuata vinaeleweka: nyumba ikiungua, mjane hana anachomiliki pale.

Sura ya viazi isomwe na kiazi mezani. Mbegu hukatwa vipande, kila kipande kibaki na macho mawili, ili jicho moja likishindwa kuchipua lingine lijaribu. Mwalimu akate, watoto waelekeze kisu kipite wapi. Vipande viwili vya kwanza ni rahisi. Cha nne ndipo wanapogundua kwamba macho hayakupangwa kwa usawa. Ugonjwa wa mama nao ueleze wazi: homa ya bonde husababishwa na kuvu wa udongoni anayevutwa kwa pumzi pamoja na vumbi, wala mgonjwa hamwambukizi anayemuuguza. Bila hilo, wengine watadhani Esperanza amezuiwa kumwona mama yake kwa kuwa homa hiyo inaambukiza.

Mgomo wa vibarua ndio kiini, na ndipo mjadala wa "unaunga mkono au unapinga" unapoharibu mambo. Karibu wote watagoma, maana hawapotezi kitu. Gawa darasa katika kaya na kila kaya uipe kete 20 kuwa mapato ya wiki: chakula 9, hospitali 5, akiba ya kumleta bibi aliyebaki Meksiko 4. Zinabaki 2. Kaya nyingine isiwe na mgonjwa, nyingine iwe na watoto sita na gharama ya chakula ipande. Anayegoma hapokei kete, na akiwa kwenye kambi ya mwenye shamba anapoteza na chumba. Waamue kwanza, wajieleze baadaye. Kelele itakuwepo, iache.

Usiivuke sura ya asparaga, aina ya mboga, kabla ya kueleza kilichokuwa kikitokea Marekani. Katika miaka ya mdororo wa uchumi ulioanza 1929, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Meksiko walirudishwa au walishinikizwa kuondoka, wakiwemo raia waliozaliwa Marekani. Marta, msichana anayewaongoza wagomaji, ni mmoja wa hao raia, na bado anajificha maafisa wa uhamiaji wanapovamia. Muulize mwanafunzi kwa nini Esperanza anampa aproni na kifurushi cha asparaga, badala ya kumwonyesha mlango wa nyuma.

Kosa baya kuliko yote ni kumwomba mtoto aliyehamia asimulie safari ya kwao mbele ya wenzake. Huenda kuna karatasi za uhamiaji ambazo nyumbani hazitajwi. Toa kazi ya kuandika yenye chaguo, ambapo kuandika juu ya Miguel, mwana wa Hortensia, na hawala za fedha za akiba ya Esperanza alizozichukua kunapata alama sawasawa na kuandika juu ya nafsi yako, na usisome yoyote kwa sauti bila ruhusa ya aliyeiandika.